Huyu Hajabeba Kitu: Miaka Yangu ya Vibonzo

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Jumamosi iliyopita hapa Arusha, mbele ya wachoraji chipukizi, walimu wao na wazazi. Nimeyaandika kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha nilizoonesha ukutani hazimo humu. Palipokuwa na ulazima nimezieleza kwa maneno.

Ndugu mwenyekiti, walimu, wazazi wangu mlioacha shughuli zenu mkaja, shikamooni. Na ninyi wadogo zangu mliokaa sakafuni kwa kukosa viti, mambo?

Barua ya mwaliko imeniomba nieleze "safari yangu ya sanaa". Naomba radhi, sitaieleza. Safari za sanaa zimeshafanana mno: mtoto alichora ukutani kwa mkaa, mama akamchapa, leo yuko Ulaya. Mimi nataka kusema habari ya kitu kimoja ambacho wachoraji wengi wa rika langu tunakificha. Mkienda kwenye maonesho, pembeni ya picha kuna kakaratasi ka maisha ya msanii. Kanasema nini? Kasoma wapi, kaonesha wapi, nani kanunua. Ni wapi mmesoma kwamba bwana huyu kwa miaka tisa alichora vibonzo vya gazeti, na akina dada wanaolia kwenye hadithi za mapenzi? Hamjasoma. Kwenye karatasi yangu mimi miaka hiyo tisa ilikuwa pengo jeupe, utadhani nilikuwa jela. Leo nalijaza.

Nilizaliwa Moshi. Baba alikuwa fundi cherehani kwenye kibaraza cha duka la watu, karibu na soko la Mbuyuni. Wazee mnajua mambo ya mafundi wa zamani: karatasi ya kukatia vipimo ilikuwa gazeti. Gazeti la Uhuru likishasomwa na watu watano lilimfikia baba limechoka. Analitandaza mezani, anachora bega kwa chaki, anachora mkono, anachora kola, halafu mkasi. Sasa ndani ya Uhuru mlikuwa na Chakubanga.

Vijana, Chakubanga mnamjua? Nyoosheni mikono. Naona minne, na yote ya walimu.

Basi nisikilizeni. Chakubanga ni mhusika wa vibonzo; Christian Gregory alianza kumchora miaka ya mwisho ya 1960, na watu walikuwa wanafungua gazeti kwa ajili yake kabla ya kusoma hotuba ya kiongozi yeyote. Kazi yangu ya kwanza ya sanaa, nikiwa darasa la pili, ilikuwa kumwokoa Chakubanga na mkasi wa baba. Mara nyingi nilichelewa. Nilikuwa na Chakubanga wasio na vichwa, maana kichwa kimekwenda kuwa kola ya shati la mwalimu fulani. Nilikuwa na miguu mitupu, mwenye nayo amebaki kwenye kiuno cha suruali. Nikawa nakamilisha. Kilichokatwa nakichora upya kwenye daftari la hesabu. Kichwa cha kwanza nilichochora maishani kilikuwa kichwa cha mtu aliyekatwa na fundi.

Na kwa baba nilijifunza jambo ambalo sijalipata kwa mwalimu yeyote baadaye. Mchoro wake ulikuwa wa kukatwa. Mimi na wewe tukikosea tuna raba. Yeye mstari wake ukienda kombo, kitambaa cha mteja kimekwenda, na hela ya chakula imekwenda. Kwa hiyo alikaa. Alitazama gazeti kwa muda mrefu na chaki mkononi bila kufanya kitu. Kisha mstari mmoja, kutoka begani mpaka kwapani, bila kunyanyua mkono. Vijana wangu mnachora kama mnapapasa ukuta gizani: kamstari, kamstari, kamstari, nywele nywele. Kaeni kwanza! Tazameni kwanza! Mstari uwe mmoja.

Baadaye likaja gazeti la vibonzo la Sani, na akina Ndumilakuwili na Lodi Lofa na Madenge, na sisi wote tuliokuwa shule miaka ile tukawa wachoraji kwenye majalada ya madaftari. Hapo nisipotee.

Nilihamia hapa Arusha, chumba cha kupanga Ngarenaro. Vyama vingi viliruhusiwa 1992, na baada yake magazeti binafsi yakaja kwa wingi. Kila gazeti likataka mchora katuni wake. Mimi nikaandika barua kwa gazeti moja la Dar es Salaam, nikaambatanisha picha sita, nikajibiwa: tuma. Hakuna mkataba. Neno moja tu, tuma.

Sasa utatumaje? Vijana mnapiga picha na simu, sekunde tatu imefika. Sisi tulikuwa na basi. Nachora usiku kwa wino, nasubiri ukauke, naweka kwenye bahasha ya kaki na kipande cha boksi isikunjike, alfajiri niko stendi. Namtafuta kondakta. "Kaka, nifikishie hii, kuna mtu ataipokea." Na hela ya soda juu. Basi linaondoka na picha yangu zaidi ya kilomita 600. Jioni inafika, usiku inachapwa, kesho yake ndiyo iko mtaani. Yaani jambo nililolisikia redioni Jumatatu usiku, msomaji analiona kwenye kibonzo Jumatano. Na hapo ni basi likiwa zima.

Siku moja basi likaharibika Korogwe, likalala. Nilikuwa nimemchora waziri mmoja kakaa kwenye kiti kikubwa, nimejisifu mwenyewe mpaka basi. Bahasha ilipofika, waziri yule alikuwa keshahamishwa wizara. Nikaenda kwenye duka lenye simu, nikampigia mhariri.

Akasema, "Kijana."

"Naam, mzee."

"Wewe si unatoka Moshi? Ndizi unazijua?"

"Nazijua, mzee."

"Basi unaniletea ndizi. Zinafika zimeoza. Niletee maharage."

Akakata simu, maana mlipaji ni mimi na dakika zinahesabiwa.

Nililala na maneno yale. Maharage ni nini kwenye kuchora? Ni picha gani haiozi kati ya Arusha na Dar es Salaam? Waziri anaoza. Bei mpya ya sukari inaoza. Mpira wa Jumapili ukifika Jumatano umeshanuka. Lakini mtu anayesubiri basi? Huyo haozi. Mama anayehesabu chenji mara tatu pale soko la Kilombero, anajua imepungua, hasemi, anahesabu tena? Huyo haozi. Benchi la hospitali lenye watu saba na nafasi ya watu wanne? Miaka thelathini baadaye bado ni bichi.

Nikaanza kuwachora hao. Kila asubuhi nilikuwa na saa moja pale stendi, nimeshampa kondakta bahasha, sina haraka ya kurudi. Nikawa natazama. Sikuwa nimebeba hata daftari, maana ukitoa daftari stendi watu wanadhani wewe ni wa kodi au wa usalama. Natazama, natembea mpaka Ngarenaro nimeshika sura kichwani kama mtu aliyebeba maji bila kata, nafika, nachora. Mtu akinipigia soga njiani, yamemwagika.

Baadaye nilikuja kusoma habari za Mfaransa mmoja, Honoré Daumier, nikacheka peke yangu. Bwana huyu alizaliwa 1808. Mwaka 1831 alimchora mfalme wake, Louis-Philippe, kama jitu kubwa limekaa kwenye kiti, ulimi wake ni ngazi, na maskini wanapandisha vikapu vya fedha mpaka kinywani. Akahukumiwa kifungo cha miezi sita. Akakaa ndani, akatoka, akaendelea. Kisha Septemba 1835 ikaja sheria ya kuzuia katuni za siasa kabisa. Afanye nini? Wafalme hawaruhusiwi. Akageukia mawakili, wenye nyumba, wapangaji, wasafiri, wafua nguo. Alichapisha litografia, yaani picha zinazochorwa juu ya jiwe kisha zikapigwa chapa, zipatazo 4,000 maishani mwake, na nyingi ni za watu kama hao. Na alipopaka rangi, alipaka hao hao. Kuna picha yake ya behewa la daraja la tatu. Daraja la tatu! Tuliopanda treni hapa kwetu tunalijua lile benchi. Kuna mama ananyonyesha, kuna bibi amefumbata mikono juu ya mpini wa kikapu, kuna mtoto kasinzia. Hawafanyi kitu. Wanasafiri.

Yeye sheria ilimsukuma kutoka ikulu kwenda benchi la abiria. Mimi nilisukumwa na basi bovu. Sidai tuko sawa, msije mkaandika kwamba nimejilinganisha na Daumier. Yeye alifungwa. Mimi nilikosa posho ya wiki.

Posho yenyewe. Kibonzo kimoja hakikutosha kodi, nikachukua kazi ya pili: kuchora picha za hadithi za mfululizo. Mnazijua. Mume kasafiri, rafiki kaja, "inaendelea toleo lijalo". Kila wiki wahusika ni wale wale: mwanamke analia, mwanaume kasimama mlangoni. Kila wiki! Nilichora mwanamke anayelia zaidi ya mara mia. Sikuwa na mtu wa kumtazama, basi nikawa mimi mwenyewe. Najifunga khanga ya mke wangu kichwani, nasimama mbele ya kioo, nalia. Mke wangu, ambaye amekaa pale na leo amenikataza kulisema hili, alikuwa anaingia ananikuta naomboleza na penseli sikioni.

Kufika mara ya thelathini nikachoka na machozi. Nikaanza kumgeuza yule mwanamke. Sasa anatazama ukuta, uso hauonekani. Nitaoneshaje kwamba analia? Kwa mikono. Namna alivyoshika ncha ya khanga. Namna kidole kimoja kinavyochokonoa kingine. Nikagundua uso unaweza kudanganya msomaji na hata mchoraji, lakini mkono ukiukosea kila mtu anaona. Nendeni mkatazame picha zangu za leo, zile mnazoziita za maana. Nusu ya watu wamegeuka. Wachambuzi wameandika kwamba ni "ukimya wa kiroho". Ni gazeti la mapenzi, ndugu zangu. Ni khanga na kioo cha Ngarenaro.

Nipite haraka kwenye fedha, kwa sababu wazazi wako hapa na najua swali lao ni hilo.

Kuna Mmarekani anaitwa Winslow Homer. Alianza na miaka 19 kwenye karakana ya litografia pale Boston, akitumikishwa kutwa. Alipotoka aliapa hatakuwa na bwana tena. Gazeti la wiki la Harper's Weekly likamtaka awe mwajiriwa, akakataa. Akawa anawauzia picha moja moja, akiwa mtu huru. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861 alikwenda kuvichora kwa ajili yao. Alimchora mlenga shabaha kakaa juu ya tawi la msonobari na bunduki; picha ikatoka gazetini Novemba 1862, na kanvasi ya mtu huyo huyo ina mwaka 1863. Kazi moja, milo miwili. Wazazi, mmenielewa?

Lakini sikilizeni na upande wa pili. Wakati ule ili picha ichapwe ilihamishiwa juu ya kipande cha mbao ngumu, kisha fundi akachonga kwa patasi ndogo. Mchoro ukichorwa moja kwa moja kwenye ubao, patasi inaula. Kilichobaki ni chapa. Niliposoma hilo nilimwona baba na mkasi wake. Na nilijiona mimi. Zile bahasha za kaki zilikwenda Dar es Salaam miaka tisa, hazikurudi. Sikuwahi kuomba zirudi. Nilidhani kuomba ni utovu wa adabu. Siku moja nilinunua vitumbua, nikafungiwa kwa kibonzo changu mwenyewe chenye mafuta. Hicho ninacho mpaka leo. Picha halisi za wino nilizonazo za miaka ile ni 11. Hivyo sahihi yako iwe ndani ya picha pasipokatika, na dai urudishiwe picha yako. Dai kwa heshima, ila dai.

Na msidhani kila mtu aliipenda kazi hii. Mchoraji mwingine wa Marekani, Edward Hopper, aliichukia. Aliuza picha moja ya rangi mwaka 1913, na iliyofuata, ya rangi za maji, akaiuza 1923. Miaka 10! Katikati alikula kwa kuchora picha za majarida, huku akilalamika kwamba wahariri wanataka watu wanaojikunjakunja na yeye anataka jua likipiga kwenye ukuta wa nyumba. Namheshimu. Ila mimi wale wanaojikunjakunja niliwapenda.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta.

Yule mhariri wa maharage alikuwa na amri nyingine. Kila picha niliyotuma bila maandishi aliidai maandishi. Nikichora mtu kabeba gunia, ananiuliza: gunia la nini? Andika! Basi naandika kwenye gunia: MADENI. Nikichora nyoka, mkiani naandika RUSHWA. Nikichora shimo barabarani, ndani yake naandika AHADI. Na alikuwa na haki. Msomaji yuko kwenye daladala, kashika bomba kwa mkono mmoja, ana sekunde nne. Hata kwa Daumier, maneno mengi chini ya picha zake hayakuandikwa na yeye. Waliyaandika watu wa gazeti. Gazeti linaogopa picha isiyosema.

Tatizo ni kwamba mkono huzoea. Nilipoacha gazeti nikanunua kanvasi, nikanunua rangi za mafuta kwa bei iliyonitoa jasho, nikaanza kupaka. Mnadhani nilipaka nini? Nilipaka vibonzo vikubwa vyenye rangi. Kila kitu kina jina. Kwenye maonesho yangu ya kwanza hapa mjini kulikuwa na picha ya mpagazi wa Kilimanjaro, mgumu kama wanavyojiita wenyewe, mrefu kuliko mimi, anapanda na mfuko mkubwa kichwani. Na kwenye mfuko nimeandika nini? MADENI. Nilikuwa naipenda mno picha ile. Nilisimama karibu nayo siku nzima kama bwana harusi.

Akaja kijana mmoja, kofia ya sufu, buti zimeisha kisigino. Akasimama mbele yake muda mrefu. Nikasogea nisifiwe.

"Kaka, umeielewa?"

Akasema, "Huyu hajabeba kitu."

Nikamwambia, si unaona mfuko? Umeandikwa kabisa.

"Nimesoma. Lakini hajabeba kitu. Shingo yake iangalie. Mimi ni mgumu, nina miaka sita mlimani. Ukiwa na kilo 20 kichwani shingo haikai hivi. Goti la mbele halinyooki hivi. Huu mfuko una magazeti."

Alisema magazeti. Aliokota tu neno. Nilihisi amenifahamu tangu Ngarenaro.

Nilirudi nayo nyumbani, nikaigeuza uso ukutani. Nilikuwa nimeliachia lile neno MADENI kazi ya shingo. Kwa kuwa nimeandika kwamba ni mzigo mzito, sikujisumbua kuuchora mzito. Miaka tisa maandishi yalikuwa yananibebea. Shingo zangu zote zilikuwa zimenyooka! Nikatoa picha zote za maonesho yale, nikazitazama moja moja: kila palipokuwa na neno, mwili chini yake ulikuwa umelala usingizi.

Na aibu ilizidi nilipomkumbuka mtu wa kwetu, Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, 1923. Huyu hakupita kwenye gazeti. Alipita Makerere, kisha chuo cha sanaa cha Slade kule London, na baada ya Uhuru akawa balozi wetu Uingereza. Mwaka 1956 alipaka picha ya wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Ipo kwenye Museum of Modern Art, New York. Wanaume wa mlimani, mizigo, usiku. Hakuandika POMBE popote. Mtu wa Machame alikuwa ameshanionesha kabla sijazaliwa, na mimi nilikuwa naandika majina kwenye mifuko.

Nilimtafuta yule mgumu. Haikuwa rahisi, wako mlimani wiki nzima. Nikampata, nikamwomba asimame nyumbani kwangu na mfuko wa mchele wa kilo 20 kichwani, dakika kumi kumi, namlipa kwa siku kama anavyolipwa mlimani. Alinidai na chai. Nikachora shingo peke yake kurasa arobaini. Nikachora goti. Nikachora mkono unaoshikilia mfuko, na hapo angalau nilikuwa na mtaji, mikono nilikuwa naijua kutoka kwa wale wanaolia. Kisha nikachukua rangi ya kahawia nikafuta MADENI. Haikufutika vizuri. Ukisogea karibu, mwanga ukija kutoka kushoto, herufi M bado inaonekana kama kovu. Nimeiacha.

Nilipomaliza nikamwita aje aone. Alisimama vilevile, kofia ile ile. Akaizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. Nikanyamaza safari hii.

Akasema, "Hii imezidi kilo 20."

"Imezidi?"

"Hii ni 25. Pale getini wakiipima wataishusha."

Picha yenyewe ipo kule nyuma, karibu na mlango wa jikoni. Msiiguse, rangi ya mafuta haipendi vidole vyenye maandazi. Naona akina mama wananipungia kwamba chai iko tayari, na waliokaa sakafuni waanze wao.